Miguu Isiyotulia: Chuma, Ubongo na Usingizi katika Nchi ya Mbinga na Nyasa

Kuna maradhi ambayo mgonjwa huyajua vyema lakini hukosa neno la kumweleza tabibu. Hana homa, hana uvimbe, na mara nyingi hasemi hata kwamba anaumwa. Husema tu kuwa jioni, akishajilaza, ndani ya miguu, hasa katika mashavu yake, huja hali kama ya kutambaliwa au kuvutwa, na pamoja nayo msukumo usiozuilika wa kuinyoosha na kuitikisa. Akiinuka na kutembea chumbani, hali hiyo hutulia. Akirudi kitandani, nayo hurudi. Usiku hupita hivyo, na asubuhi mtu huyo hushika jembe, au chaki, akiwa amelala saa tatu tu.

Huu ndio ugonjwa wa miguu isiyotulia. Mganga wa Kiingereza Thomas Willis aliueleza kwa Kilatini mnamo mwaka 1672, lakini ilimpasa Karl-Axel Ekbom wa Uswidi, katika miaka ya 1944 na 1945, kuuchunguza kwa makini na kuupa jina ndipo madaktari walipoanza kuuamini. Wagonjwa wake wengi walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wana wasiwasi tu. Jambo hilo, inasikitisha kusema, hutokea hata leo.

Ugonjwa huu hautambuliwi kwa picha wala kwa mashine, bali kwa kuuliza maswali. Je, upo msukumo wa kuichezesha miguu? Je, huanza au huzidi mtu akiwa amepumzika? Je, hupungua akitembea? Je, huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi? Majibu yote yakiwa ndiyo, na pasiwepo sababu nyingine ya kueleza hali hiyo, tabibu ana haki ya kuushuku. Sharti hilo la mwisho lina uzito. Misuli inayokakamaa ghafla usiku huuma na huwa migumu ukiishika. Ganzi na moto wa nyayo unaoletwa na kisukari hauondoki kwa kutembea. Mwenye miguu isiyotulia, kwa upande wake, huweza kuwa mzima kabisa shambani mchana kutwa, kisha akateseka ndani ya basi litokalo Mbinga kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa kiti cha basi hakimruhusu kuinuka.

Chanzo chake hakimo miguuni. Kimo katika ubongo, na kinahusiana na madini ya chuma. Wanafunzi wa biolojia wanaijua kazi ya chuma katika damu, ndani ya himoglobini, lakini wachache huambiwa kuhusu kazi yake katika ubongo. Humo, asidi ya amino iitwayo tairosini hugeuzwa kuwa levodopa, na levodopa hugeuzwa kuwa dopamini, kemikali inayopeleka habari kutoka neva moja hadi nyingine na kusaidia kutawala mwendo wa mwili. Kimeng'enya kinachofanya hatua ya kwanza hakiwezi kufanya kazi pasipo chuma. Uchunguzi wa bongo za wagonjwa waliokwisha kufariki umeonyesha kuwa sehemu ya ubongo yenye neva hizo ilikuwa na akiba ndogo ya chuma kuliko kawaida. Aidha, chuma katika damu na kazi ya dopamini hupanda na kushuka kwa kufuata saa ya mwili, navyo hushuka usiku. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini ugonjwa huu hungoja giza. Urithi nao una nafasi yake: tangu mwaka 2007 zimejulikana jeni kadhaa zinazouongeza uwezekano wa kuupata.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Wilaya ya Mbinga iko juu katika milima ya Umatengo, penye kahawa na mashamba ya ngoro. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inashuka hadi ufukweni, kwenye Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Huku kuna malaria, ambayo huvunja chembe nyekundu za damu. Ziwani kuna kichocho, ambacho humtoa mtu damu katika mkojo au choo. Na penye udongo wenye unyevu na watu wanaotembea pekupeku, kuna minyoo ya safura. Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Mnyoo mmoja wa safura wa aina ya Necator hunyonya kiasi cha mililita 0.03 za damu kwa siku. Minyoo mia moja itanyonya mililita 3. Kila mililita ya damu ina takriban nusu miligramu ya chuma. Hivyo mwili hupoteza miligramu 1.5 kila siku. Utumbo wa mtu mzima hufyonza kutoka katika chakula miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Mwanamke, ambaye hupoteza damu kila mwezi na kumgawia mtoto chuma wakati wa mimba, huishiwa mapema zaidi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu.

Kwa hesabu hiyo mtu angetazamia kuukuta ugonjwa huu kila kijiji. Lakini utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 uliwakuta wagonjwa wachache mno, ilhali huko Ulaya na Amerika Kaskazini hutajwa watu wazima 5 hadi 10 katika kila 100. Huenda tofauti ya urithi ndiyo sababu. Huenda pia maswali yaliyotungwa kwa lugha za Ulaya hayagusi namna watu wa hapa wanavyoieleza miili yao. Utafiti wa kaskazini hauwezi kuisemea Ruvuma. Na hata ugonjwa ukiwa adimu, aliye nao hapati usingizi kwa sababu ya uadimu wake.

Kipimo kinachopatikana kwa wepesi katika zahanati ni kile cha wingi wa damu, nacho kwa ugonjwa huu hakitoshi. Mtu aweza kuwa na himoglobini ya kutosha huku ghala lake la chuma likiwa tupu. Ghala hilo hupimwa kwa feritini, na kipimo hicho huhitaji maabara ya hospitali kubwa. Hata hivyo feritini ina hila yake: hupanda wakati wa maambukizi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kwa mtu mzima mwenye afya chini ya mikrogramu 15 kwa lita, lakini kwa mwenye maambukizi chini ya 70. Kwa miguu isiyotulia, wataalamu hupendekeza kutoa chuma iwapo feritini ni 75 au pungufu. Mgonjwa anaweza kuonyeshwa karatasi yenye neno "kawaida" hali dawa yake ingalikuwa chuma.

Matibabu basi huanza hapo: kutibu malaria, minyoo na kichocho, na kurudisha chuma. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma. Hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na chungwa au limau, na vibaya pamoja na chai au kahawa. Kukinywa siku moja na kuacha moja huweza kufaa kuliko kila siku, kwa sababu kidonge cha leo huufanya utumbo uufungie mlango kile cha kesho. Usipa na dagaa wa ziwani wana chuma, na hulisaidia tumbo kukipata kile kilichomo katika maharage na mboga. Nafuu huchukua majuma kadhaa, wakati mwingine miezi. Vidonge hivi visinywewe bila kupimwa, na vifichwe mbali na watoto, maana vichache tu huweza kumuua mtoto mdogo.

Wengi, kabla ya kufika hospitali, hupita dukani. Mtu asiyelala huuziwa promethazini au klofeniramini, dawa za mzio zinazoleta usingizi. Kumbe dawa hizo zenyewe huzidisha miguu isiyotulia. Ndivyo zilivyo pia metoklopramidi ya kutapika, haloperidoli na amitriptilini. Hata hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari asiiache ghafla. Amweleze daktari wake.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mwanzoni hufanana na muujiza. Mwaka 1982 daktari Akpinar wa Uturuki alieleza kuwa levodopa hutuliza ugonjwa huu, na baadaye zikafuata dawa za jamii hiyo kama pramipeksoli. Usiku wa kwanza mgonjwa hulala. Lakini baada ya miezi au miaka, kwa wengi, hali huanza saa kumi alasiri badala ya saa tatu usiku, huwa kali, na hupanda hadi mikononi. Mgonjwa huongeza dozi, na dozi huongeza ugonjwa. Baadhi hushikwa hata na tamaa ya kamari wasiyokuwa nayo zamani. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri dawa hizo zisitumiwe kwa kawaida, na unatanguliza chuma, pamoja na gabapentini na pregabalini. Hizi nazo hulevya kidogo, na dozi yake hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu.

Mengine humo nyumbani. Maji ya moto au ya baridi miguuni, kukanda misuli, kutembea kidogo kabla ya kulala, kuacha pombe na kahawa jioni, vyote huwasaidia baadhi. Shughuli inayoshika akili husaidia pia: mwenye ugonjwa huu huweza kukaa saa nzima mbele ya bao bila kutikisika, kisha akashindwa kukaa dakika kumi akisikiliza hotuba.

Kwa mama mjamzito, ambapo kiasi cha mmoja katika kila watano hupatwa na hali hii katika miezi ya mwisho, vidonge vya chuma na foliki vya kliniki huwa na faida ya ziada, na miguu aghalabu hutulia baada ya kujifungua. Kwa mtoto, dalili hudhaniwa kuwa maumivu ya kukua au utundu. Mwanafunzi anayejipinda kitini kila kipindi cha jioni, na ambaye wazazi wake wanasema hupiga mateke usiku, apimwe damu na choo kabla ya kuitwa mtukutu. Na kwa wakati huo anaweza kuruhusiwa kukaa nyuma ya darasa, mahali pa kusimama bila kuwazuia wenzake kuona ubao.