Montre Gani Kwa Safari ya Masisi na Walikale?

Katika masoko yetu, kutoka Goma mpaka Mubi, saa za mkono zinauzwa juu ya meza ndogo pamoja na tochi, miwani na mishipi. Kijana ambaye ametoka chimboni na makuta yake ya kwanza anasimama pale, anachagua. Mara nyingi jicho linakwenda kwa ile yenye kung'aa kama dhahabu. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi, ndugu msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya saa ya mkono, montre kama tunavyoiita kwetu, na zaidi juu ya ile inayofaa kuvaliwa safarini.

Wengine watasema: "Montre ya nini? Si telefone inaonyesha saa?" Ni kweli, kama telefone ina moto. Lakini mtu anayetembea siku mbili msituni hana mahali pa kuichaji. Tena wakati wa mvua telefone inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini kabisa ya mizigo. Na kuitoa mbele ya watu usiowajua ni kuwaonyesha ulicho nacho. Montre iko mkononi. Unainamisha kichwa kidogo tu, umejua.

Kujua nini? Neno kubwa ni hili: umebakiza mwanga kiasi gani. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Mwaka mzima jua linatoka karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili ya magharibi, na giza linaingia upesi. Katika barabara zetu, giza si kukosa kuona tu. Ni daraja lenye ubao uliotoka, ni udongo ulioteremka, ni watu wenye silaha wasiojulikana ni wa nani. Montre nzuri ya safari ni ile itakayokuambia ukweli saa tisa ya mchana, katika mvua na matope, wakati bado unaweza kuamua kulala kijijini.

Njia zetu zinaitaka montre ya namna gani?

Tuangalie njia zenyewe. Masisi ni milima, baridi na ukungu, na barabara ya udongo yenye utelezi. Walikale ni msitu wa chini, joto na unyevu. Mwenye kutoka upande mmoja kwenda wa pili anabadilisha hali ya hewa mara mbili kwa safari moja. Kipande ambacho pikipiki inakipita upesi wakati wa kiangazi kinaweza kula nusu ya siku wakati wa mvua. Kwenda Bisie, chimbo la kasiterite lililojulikana sana tangu miaka ya 2000, wachimbaji na wabebaji walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 40 ndani ya msitu.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni maji. Montre nyingi zimeandikwa nyuma kwamba zinavumilia maji mpaka mita 30. Usidanganyike ukafikiri unaweza kuzama nayo mita 30 mtoni. Namba hiyo ni ya jaribio la kiwandani, mahali maji yametulia. Kwa maisha ya kila siku, mita 30 maana yake ni mvua ndogo na kunawa mikono. Kwa kuogelea, au kuvuka mto maji yakifika kifuani, tafuta iliyoandikwa mita 50, au afadhali 100. Tena kinachozuia maji ni kampira kadogo kalicho chini ya kifuniko cha nyuma. Kampira kakizeeka, au fundi akikaweka vibaya, maandishi hayo hayana kazi tena. Ukiona mvuke chini ya kioo, jua kwamba unyevu umekwisha kuingia: ipeleke kwa fundi mapema, kabla ya kutu.

Jambo la pili ni mtikiso wa pikipiki. Montre za zamani zinaendeshwa na springi na magurudumu madogo sana. Ni kazi nzuri ya mikono, lakini zinaweza kukosea sekunde nyingi kila siku, na pigo kali linaweza kuzisimamisha. Tangu tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilipouza Japani montre ya mkono ya kwanza ya kwazi, mambo yalibadilika. Ndani ya montre nyingi za kwazi za leo mna kipande kidogo cha jiwe la kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja kwa nguvu ya betri. Montre ya namna hii, hata ya bei ndogo, kwa kawaida haikosei zaidi ya nusu dakika kwa mwezi. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989: ni ya plastiki, nyepesi, na betri yake inaweza kudumu karibu miaka saba. Lakini hata hiyo si ya kuogelea nayo, na za kuiga ni nyingi sokoni.

Na sisi wa nchi ya machimbo tukumbuke jambo moja. Ndani ya montre ya betri, vipande vya umeme vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na kazi hiyo inahitaji bati. Bati linatoka katika kasiterite, kama ile ya Walikale. Kitu kidogo kile mkononi kinatumia jasho la wachimbaji wa mahali fulani duniani, pengine jasho la jirani yako.

Jambo la tatu ni mkanda. Mkanda wa ngozi ukiloa kila siku unaoza na kunuka, na ngozi ya mkono inawasha. Mkanda wa kitambaa cha nailoni au wa mpira unaoshwa kwa sabuni, unakauka. Mkanda wa chuma ni mzuri kanisani na arusini, lakini usishuke nao shimoni wala kusimama nao karibu na mashine. Ukinaswa na kamba au gurudumu, haukatiki upesi. Mkono ndio utakaoumia. Ukiwa kazini, montre ikae mfukoni.

Jambo la nne ni kusoma saa gizani. Montre nyingi za leo zina taa ndogo, au rangi inayobaki kung'aa baada ya kupata mwanga. Rangi hizo hazina hatari. Lakini kama babu alikuachia montre ya kale sana yenye namba zinazong'aa au zilizogeuka rangi ya kahawia, usiifungue wala kukwangua namba zake. Zamani walizipaka radiamu. Radiamu nyingi ya miaka ya 1920 ilitoka hapa kwetu Kongo, katika mawe ya Shinkolobwe kule Katanga, na kusafishwa Ubelgiji kuanzia mwaka 1922. Huko Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walinyoosha brashi kwa midomo yao. Wengi wao waliugua mifupa ya taya, na wengine wakafa. Sumu hiyo haimalizwi na miaka mia moja.

Isiyoita macho ya watu

Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walitoa hesabu ya bariera katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini: walikuta karibu 800. Msafiri wetu anajua maana yake. Kila bariera kuna macho yanayokuangalia toka kichwani mpaka miguuni. Montre yenye kung'aa inasema mbele yako: "Huyu ana makuta." Hata kama ni ya kuiga, mwenye bunduki hataiuliza kama ni dhahabu ya kweli. Vijana, montre bora ya safari ni ile ambayo hakuna mtu atakayeitamani. Ile ya arusi iache nyumbani, mama aitunze.

Saa ya nani?

Montre inaweza kuwa nzima na mwenyewe akakosea saa. Kwanza, Kongo ina saa mbili: Goma, Masisi na Walikale wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukisikia redio inataja saa ya Kinshasa, ongeza moja. Rwanda ni sawa na sisi, lakini ukivuka Bunagana kuingia Uganda, ongeza moja. Pili, Kiswahili kinahesabu kuanzia mapambazuko, na Kifaransa kinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu akiandika "gari linaondoka saa 2", ni asubuhi au ni mchana? Muulize. Kwenye montre ya mishale ni rahisi: saa ya Kiswahili ni namba inayokabiliana na mshale mfupi. Kwenye ile ya namba tupu, kama ni mchana, toa sita: 15:00 ni saa tisa.

Itumie hivi

Kabla ya kutoka, baba, mama na vijana wapatane saa ya kugeuka. Kwa mfano: "Ikifika saa nane na bado hatujapita nusu ya njia, tunalala kijiji cha karibu." Saa hiyo ichaguliwe asubuhi nyumbani, akili ikiwa imetulia, sababu mchana dereva atasema tu, "Tutafika." Anayebaki nyumbani aijue pia, asihangaike bure pale ambapo hakuna mtandao.

Tena, chagua montre inayoonyesha sekunde. Mama aliye mbali na kituo cha afya anaweza kuitumia kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili mpaka kumi na moja, au 40 kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano, hiyo ni alama ya ugonjwa wa mapafu. Usingoje asubuhi nyingine; mpeleke kwa muuguzi. Na kama mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au hawezi kunyonya, usipoteze muda kwa kuhesabu: ondokeni mara moja.

Montre ya namna hiyo haihitaji bei kubwa. Kabla ya kulipa, ilinganishe na redio, uilinganishe tena kesho yake ikiwezekana. Bonyeza kila kifungo. Angalia mkanda mahali unaposhikana na saa. Na kabla ya kwenda kukaa miezi mingi msituni, badilisha betri ingali inatembea.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Safari yetu ya mwisho, tulifika kabla ya giza? Kama hapana, tulipaswa kusimama wapi?
2. Ni nani hubaki nyumbani, na tulimwambia saa gani ya kututazamia?
3. Je, mama na binti wanajua kuhesabu pumzi za mtoto kwa montre? Na baba je?