Saa Ambayo Kanzidata Huisahau

Je, wajua kwamba kanzidata haitunzi saa uliyoiona ukutani? Programu ya PostgreSQL ina aina ya data iitwayo timestamptz, ambayo jina lake linadai kubeba ukanda wa saa. Haibebi. Inachotunza ni namba moja ya baiti 8: mikrosekunde zilizohesabiwa kuanzia saa sita usiku wa kuamkia Januari 1, 2000, kwa saa za UTC. Malipo yakiingizwa kwa saa za Mombasa, PostgreSQL hupunguza saa tatu, huandika namba, kisha huisahau Mombasa.

Usahaulifu huo una faida kubwa, maana malipo ya Mombasa na ya Toronto hupangika kwa mfuatano wake wa kweli.

Balaa huja wakati wa ripoti. Duka la Nairobi liliuza bidhaa saa saba usiku wa kuamkia Machi 1, 2025. Kwa UTC ilikuwa bado saa nne usiku, Februari 28. Anayejumlisha mauzo ya kila siku bila kugeuza saa kwanza atayatupa mauzo hayo katika mwezi uliokwisha, na hesabu za mhasibu hazitalingana na risiti. Saa igeuzwe kwanza kwa amri ya AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi', ndipo siku ikatwe.

Lakini kwa nini litajwe jina la mji, wakati kuongeza 3 ni rahisi zaidi? Kwa sababu serikali hubadili saa. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kutoka +3 hadi +2 Februari 1, 2021. Samoa iliiruka Desemba 30, 2011, siku nzima. Hata Kenya, enzi za ukoloni, iliwahi kuitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Mabadiliko haya yote yamo katika orodha ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, na sasa inasimamiwa na Paul Eggert. Ndani yake, Dar es Salaam na Kampala hufuata kanuni za Nairobi.

Katika orodha hiyo, jihadhari na jina Etc/GMT-3: alama yake imegeuzwa, na maana yake ni saa tatu mbele ya Greenwich. Tarehe ya kuzaliwa nayo isigeuzwe kamwe. Itunze kama tarehe tupu, la sivyo mteja wako atazaliwa jana yake.