Motere imewaka: je, kazi imekwisha?



Mwezi wa 7 kwetu Katanga unajulikana: usiku baridi, mchana vumbi, njia zimekauka. Ndiyo majira wengi wanachukua konje, na mwenye jipu anataka kutoka mjini na jamaa yake. Wengine wanakwenda kuona maji ya Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970. Maji yale yanaanguka zaidi ya mita 300, na inafaa kufika kabla hayajapungua mwishoni mwa kiangazi. Lakini njia ni ya mchanga, mawe na mabonde, na motere iliyochoka haiwezi kufika. Ndiyo maana wakati huu, katika lupango nyingi, utaona motere ya zamani imelazwa chini ya mwembe, na motere nyingine inaning'inia kwa mnyororo ikingoja kuingia mahali pake.

Leo nitazungumza nawe juu ya kazi hiyo, na zaidi juu ya usiku wake wa mwisho. Sisemi kama fundi wa magari. Nasema kama msaidizi wa munganga, na kama mtu aliyekosa.

Usiku wa Likasi

Ilikuwa mwezi wa 7 mwaka 2018, huko Likasi. Shemeji yangu, fundi wa siku nyingi, alikuwa na Toyota Land Cruiser ya mazutu. Kulasi ya motere ilikuwa imepasuka kwa joto. Alipata motere nyingine ya namna ile ile, ya silinda sita, akaomba siku tano tu za kuibadili. Siku ya sita saa kumi za asubuhi tulipaswa kuondoka kwenda Lofoi, watu tisa, pamoja na vyakula na magodoro.

Unajua namna kazi inavyokwenda. Siku ya kwanza ilipotea katika kutafuta mpira wa radiateri. Siku ya pili buloni moja ilikatika. Usiku wa siku ya tano motere ilikuwa imekaa mahali pake, lakini mabomba, nyaya na mipira mingi vilikuwa havijafungwa. Shemeji akasema: «Munganga, tusilale. Tumalize leo.» Mimi nikakubali.

Garaji yake ni ya matofali, ina mlango mmoja wa bati na dirisha moja dogo. Baridi ilikuwa kali. Dada yangu akatuletea babula ya makala kusudi tuote moto na kuchemsha chai. Mtoto wao wa miaka 12 alikuwa anatushikia taa. Karibu saa sita za usiku tukatoa hewa katika mipira ya mazutu, shemeji akageuza ufunguo, motere ikakohoa, ikawaka. Tulifurahi kama watoto! Lakini kelele ilikuwa kubwa na majirani walikuwa wamelala. Basi ni nani aliyefunga mlango? Ni mimi. Mimi mwenye kufundisha wengine mambo ya afya.

Tukaacha motere ipate joto, tukaendelea kukaza buloni. Baada ya muda mtoto akasema kichwa kinamuuma. Nikamjibu: «Ni usingizi.» Akatapika. Nikasema: «Amekula vibaya.» Kisha shemeji akakaa chini, akasema miguu haina nguvu. Mimi mwenyewe niliona taa kama inazunguka, nikafikiri ni uchovu. Nilikuwa na alama zote mbele ya macho yangu, katika watu watatu kwa wakati mmoja, wala sikuzitambua, kwa sababu kichwa changu mwenyewe kilikuwa kimekwisha kulewa.

Dada yangu ndiye aliyetuokoa. Alikuja na bukari, akafungua mlango, akapiga kelele: «Munakufa humu!» Akazima motere, akamvuta mtoto nje, kisha akatuvuta sisi. Tulimpeleka mtoto lopitalo usiku ule ule, akawekwa katika oksijeni mpaka asubuhi. Alipona. Lakini ningependa ujue kwamba ilibaki kidogo tu.

Ni sumu gani hiyo?

Makala yanayowaka, na mafuta yanayoungua katika motere, hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ukiivuta inaingia katika damu na kukamata mahali pa oksijeni, nayo inashika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Unapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu yako haibebi uhai tena.

Alama zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea, akili kuchanganyika. Ni rahisi kuzidhania kuwa malaria, chakula kibaya au uchovu. Watu wawili au zaidi wakishikwa pamoja mahali palipofungwa, usitafute sababu nyingine. Watoto na mama wenye mimba ndio wanaoumia zaidi.

Mtu ataniambia: «Motere ya mazutu haina sumu hiyo nyingi kama ya esanse.» Ni kweli, haitoi nyingi kama hiyo, lakini inatoa. Na babula inatoa nyingi sana. Sisi tulikuwa na vyote viwili ndani ya mlango mmoja. Tena, tangu mwaka 2012 waganga wa ulimwengu wanaochunguza kansa wameweka moshi wa mazutu katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi, jiulize. Kama hewa ya vipepeo haiji, unakubali kuwasha mashine? Unakataa, na unafanya vema. Basi kwa nini sheria hiyo inabaki kule mgodini, na nyumbani, mahali walipo watoto wako, unafunga mlango?

Mpira uliosahauliwa

Sasa sikiliza jambo la pili. Safari tuliiahirisha. Kesho yake, mchana, shemeji akafungua kifuniko cha motere kusudi aangalie kazi yake kwa jua. Akakuta mpira mmoja unaning'inia. Ulikuwa mpira wa hewa unaokwenda kwenye msaada wa freni.

Motere ya esanse, mpira huo ukiachwa wazi, hulia na kutetemeka, na fundi anajua. Motere ya mazutu inazunguka vizuri bila kusema neno. Ni siku ile tu unapokanyaga freni ndipo unaikuta ngumu kama jiwe, na gari linaendelea kukimbia. Sisi tungalikuwa watu tisa juu ya mteremko.

Shemeji yangu si fundi mbaya. Kazini hakuna mashine inayotoka mikononi mwake bila kukaguliwa na mtu wa pili. Lakini usiku ule alikuwa na saa kumi za asubuhi kichwani, na macho yenye usingizi huona kile yanachotaka kuona. Maumivu ya kichwa ndiyo yaliyotupa siku moja, na siku hiyo moja ikatupa uhai.

Sheria ya siku ya katikati

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili: kati ya buloni ya mwisho na safari, weka siku moja nzima. Ukiona siku hiyo haipo, ahirisha safari. Maji ya Lofoi yatakungoja.

Katika siku hiyo fanya hivi:

1. Kwanza lala. Kisha kagua kazi mchana, wewe pamoja na mtu mwingine ambaye hakuwa nawe usiku. Yeye ataje kila mpira, kila waya, kila buloni. Wewe uguse kwa mkono.

2. Washa motere nje, au milango ikiwa wazi kabisa. Angalia mshale wa mafuta ya motere mara inapowaka. Usipopanda, zima mara moja.

3. Kanyaga freni mara nyingi gari likiwa limesimama na motere inazunguka. Kisha zijaribu polepole ndani ya lupango, watoto wakiwa mbali.

4. Enda mwendo mfupi katika njia mbaya, bila jamaa. Rudi, acha motere ipoe, kisha angalia tena maji, mafuta na buloni. Motere mpya ikitikiswa inakaa vizuri, na buloni zinaweza kulegea.

Kabla ya hapo, linda mwili wako

Motere kama ile ina uzito unaopita watu watatu waliokomaa. Usiifunge kwa kamba ya nguo wala kwenye tawi la mwembe. Tumia palani na nguzo imara, na mtu yeyote asipite chini yake. Gari likiinuliwa kwa kriki, lisimamishe juu ya vishikizo vya chuma kabla hujaingia chini. Kriki ni ya kuinulia tu, si ya kuaminia maisha.

Wakati wa kuunganisha motere na bwati ya vitesi, usitie kidole katikati kutafuta tundu la buloni. Sukuma kwa mikono miwili kutoka nje. Pete ya ndoa ibaki nyumbani kwa bibi yako siku hiyo. Chuma kikiishika, kinavua nyama ya kidole pamoja nayo.

Ondoa waya wa batri kabla ya kuanza, ule wa alama ya kutoa ukitangulia. Usivute sigara karibu na batri inayojazwa, kwa maana hewa inayotoka humo hulipuka.

Usifungue kifuniko cha radiateri ikiwa ya moto. Juu ya nyanda zetu maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 96, lakini katika radiateri iliyofungwa yanapita 100 bila kuchemka. Ukifungua, yote yanachemka mara moja na kukurukia usoni.

Maji ya rangi ya radiateri yana utamu, na ni sumu inayoua mafigo. Usiyatie katika chupa ya Fanta wala kuyamwaga mahali ambapo watoto wanacheza.

Usinawe mikono kwa esanse. Nawa kwa sabuni na majivu laini au vumbi la mbao. Mafuta machafu ya motere, yakikaa katika ngozi miaka mingi, yanaweza kuleta kansa.

Kama jambo limetokea

Mtu akilewa moshi: fungua milango, zima motere, mtoe nje, mpeleke lopitalo hata akisema amepata nafuu. Uwaambie waganga wazi kwamba alikuwa katika moshi. Kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na sumu hii: kinaweza kuonyesha 98 na mtu yuko hatarini. Ukimkuta ameanguka ndani, usikae humo kumhudumia. Shika pumzi, mvute nje upesi.

Mtu akimeza mazutu kwa kuivuta na mpira mdomoni: usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Akitapika, mazutu inaingia katika mapafu. Mpeleke upesi. Na tangu leo, tumia pampu ya mkono.

Akiungua: maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta.

Kidole kikikatika: kikunje katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Peleka mtu na kidole pamoja.

Neno la mwisho

Tulikwenda Lofoi siku tatu baadaye. Mtoto alisimama juu ya mwamba, akatazama maji yakianguka, akaniuliza kama yale maji yanapata wapi pumzi ya kuruka mbali hivyo. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nawaza juu ya pumzi yake yeye.

Nawe, ndugu yangu, usiku huu kama uko katika garaji na buloni tatu zimebaki, na mama wa watoto anapanga vyombo kwa safari ya kesho, weka kle chini. Toa babula nje. Fungua mlango. Enda ukalale. Motere kuwaka si kazi kumalizika. Kazi imemalizika siku ile wote mlioondoka mnarudi nyumbani.