Si Kila Aangukaye Ana Kifafa

Hapa kwetu Nyanda za Juu, toka Iringa hata Mbeya, mtu akianguka na kutupatupa viungo, watu husema mara moja, "Ana kifafa." Jina hilo ni zito: huweza kumtoa mtoto shuleni na kumzuilia kijana ndoa. Yatupasa kuwa na hakika kabla ya kulitamka.

Ubongo hutumia sukari iliyomo katika damu, wala hauna akiba kubwa ya kwake. Nyuma ya tumbo la chakula pana kongosho, nayo hutoa insulini, kitu kishushacho sukari. Mtu mwenye afya akikaa na njaa, insulini hupungua. Lakini mara chache sana huota humo uvimbe mdogo, pengine kama harage, utoao insulini bila kiasi, mtu awe amekula au hakula. Sukari ikishuka mno, mtu hutoka jasho, moyo humwenda mbio, husema ovyo kama mlevi. Mwisho huzimia na kukakamaa. Dawa za kifafa haziondoi asili ya ugonjwa huu.

Basi tutautambuaje? Tuangalie saa. Kifafa chaweza kuja hata mtu ameshiba. Lakini haya huja hasa alfajiri, au baada ya kulima muda mrefu bila kula. Katika miaka ya 1930 daktari Allen Whipple wa New York alifundisha alama tatu: dalili huja wakati wa njaa; damu ikipimwa wakati huo, sukari ni chache; na mgonjwa akipewa sukari, dalili humwondoka. Na mwaka 1929, huko Toronto, daktari Roscoe Graham alikuwa amekwisha kuutoa uvimbe wa namna hii, na mgonjwa akapona. Wingi wake si saratani.

Sukari hushuka kwa sababu nyingine pia, zilizo za kawaida zaidi: malaria kali kwa watoto, dawa za kisukari, au kunywa ulanzi kutwa bila kula.

Kwa hiyo mpelekapo mgonjwa hospitali, mwambieni daktari saa aliyoanguka na saa aliyokula mara ya mwisho, mkaombe sukari ipimwe. Tone la damu latosha kwa kuanzia. Awezaye kumeza apewe maji ya sukari. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, ila alazwe ubavu na kupelekwa upesi. Naye atumiaye dawa za kifafa asiziache mpaka daktari aseme.