Kutoka Baraza la Manispaa Hadi Bungeni: Safari ya Grace Onyango na Mipaka ya Kazi Mbili

Mkazi wa mjini anapoona taka hazijazolewa au taa ya barabarani imezimika, mara nyingi humwendea mbunge wake. Shule ya msingi ya mtaani ikikosa walimu, humwendea mwakilishi wadi. Katika hali zote mbili amebisha mlango usiohusika. Mkanganyiko huu haukuanza leo, na maisha ya kisiasa ya marehemu Grace Onyango, aliyetumikia baraza la mji kisha Bunge, yanasaidia kueleza ulikotoka.

Onyango alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa za Kisumu, mji wa bandari kando ya Ziwa Viktoria. Alianzia ngazi ya diwani, na mwaka 1965, kufuatia kifo cha meya aliyekuwapo, akashika wadhifa huo na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya. Ifahamike kwamba wakati huo meya hakupigiwa kura na wananchi wote, bali alichaguliwa na madiwani wenzake. Kazi za baraza zilikuwa za kila siku: masoko, leseni za biashara, usafi wa mji, nyumba za kupanga. Mkazi asiyeridhika hakuhitaji kusafiri, kwani aliweza kumkuta diwani wake sokoni na kumweleza shida yake uso kwa uso.

Mwaka 1969 ulikuwa mgumu kwa Kisumu. Mwezi wa Oktoba, sherehe za kufungua hospitali mpya mjini humo ziliishia katika ghasia, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake, akiwamo Jaramogi Oginga Odinga, wakazuiliwa. Uchaguzi wa Desemba ulifanyika chini ya chama kimoja cha KANU, na kura ya mchujo ndiyo iliyoamua nani aende Bungeni. Katika mji uliokuwa bado na majonzi, Onyango aliwashinda wapinzani wake na kuwa Mbunge wa Kisumu Mjini.

Ushindi huo ulikuwa na uzito wa kitaifa. Kabla ya uhuru, Jemimah Gecaga na baadaye Priscilla Abwao waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa kuteuliwa. Bunge la kwanza baada ya uhuru halikuwa na mwanamke hata mmoja. Miongoni mwa wabunge 158 wa maeneo bunge waliochaguliwa mwaka 1969, mwanamke alikuwa Onyango peke yake.

Hata hivyo, aliyekuwa meya alijikuta katika kazi ya namna nyingine. Mbunge hutunga sheria, huidhinisha matumizi ya fedha za umma na kuihoji Serikali. Hana matrekta ya kuzoa taka wala hati ya kugawa vibanda vya soko. Na mwaka huohuo alioingia Bungeni, sheria ilipitishwa kuyanyang'anya mabaraza ya kaunti huduma za elimu ya msingi, afya na barabara na kuzikabidhi kwa Serikali Kuu. Manispaa hazikuguswa kwa kiwango hicho, lakini mwelekeo ulikuwa wazi: maamuzi yalihamia Nairobi, na mwananchi akajifunza kumtazama mbunge kama mjumbe wa kwenda kumtafutia huko alichokuwa akikipata karibu. Hapo ndipo penye mzizi wa mazoea ya leo. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliyatia nguvu zaidi, kwa kuwa mbunge alianza kuonekana kama mjenzi wa madarasa.

Onyango alirejeshwa Bungeni mwaka 1974 na tena 1979. Katika uchaguzi wa 1974 hakuwa tena peke yake, kwani Chelagat Mutai, Julia Ojiambo na Nyiva Mwendwa walichaguliwa pia. Baada ya uchaguzi wa 1979 alikalia kiti cha Spika akiwa Naibu Spika wa Muda, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Utumishi wake Bungeni ulikoma mwaka 1983. Alifariki mwaka 2023.

Katiba ya 2010 iligeuza mkondo ule wa 1969. Jedwali la Nne limezipa kaunti 47 hospitali za kaunti, barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, uzoaji wa taka na elimu ya chekechea. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu zimebaki kwa Serikali ya Kitaifa. Madiwani wa zamani nafasi yao imechukuliwa na wawakilishi wa wadi 1,450, ambao hutunga sheria za kaunti na kumchunguza gavana. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi 47 wa wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa, pamoja na Spika.

Njia aliyoipita Onyango, ya kuanzia wadi, ingali wazi, ingawa kwa wanawake si pana. Waliochaguliwa kuwakilisha maeneo bunge walikuwa 16 mwaka 2013 na 23 mwaka 2017. Mwaka 2022 walikaribia 30, kati ya viti 290.

Kwa mwenye lalamiko, Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Masuala ya kaunti huwasilishwa kwa njia hiyohiyo katika bunge la kaunti, kupitia ofisi ya karani.