Tafakuri: Robo Saa ya Mtu na Nafsi Yake



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja wa kidato cha nne alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Akakaa mbele yangu, akatoa simu yake, akanionyesha picha ya mtu aliyekaa kitako, macho ameyafumba na mikono ameiweka magotini. Akaniuliza, "Maalim, watu hawa wasema kwamba ukikaa hivi kila siku moyo hutulia, usingizi huja, na hofu ya mtihani hupungua. Jee, sisi Waislamu tunalo jambo hili, au ni la watu wengine?"

Nalimjibu, "Mwanangu, tunalo, nalo lilikuwako hata kabla ya kushuka aya ya kwanza ya Qurani. Ni sisi tu tulioliacha." Akaniomba nimweleze. Na kwa kuwa swali lake ni swali la vijana wengi, na majumba yetu mengi siku hizi yamejaa makelele na hamaki, nimeona yafaa jawabu lile niliandike hapa, ili wakubwa na wadogo wanufaike kwalo.

ASILI YAKE

Kila mtoto wa chuoni ajua kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alikuwa akiupanda mlima ulio nje ya Makka, ambao leo waitwa Jabal Nur, akakaa katika pango la Hira masiku kadha wa kadha. Alichukua chakula chake, na kilipokwisha alirejea kwa Bibi Khadija (R.A.) akachukua kingine. Alikuwa huko akifanya nini? Alikuwa akiabudu na kutafakari, mbali na makelele ya mji na masanamu yake. Na katika utulivu ule, mwaka 610, naye ana umri wa miaka 40, ndipo wahyi ulipomshukia.

Qurani nayo ilikuja kulithibitisha jambo hili. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 190 na ya 191, Mwenyezi Mungu awasifu wenye akili kuwa ni wale wamkumbukao wakiwa wamesimama, wamekaa au wamelala, na wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Katika Sura ya Ar-Raad, aya ya 28, twafundishwa kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Na katika Sura ya Al-Hashri, aya ya 18, kila nafsi yaamrishwa itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Basi tunayo mambo matatu yaliyofungamana: dhikri, ambayo huutuliza moyo, tafakuri, ambayo huufungua, na muhasaba, yaani mtu kujihisabu nafsi yake, ambao huutengeneza.

Hapo ndipo tunapoachana na baadhi ya watu wengine. Wao hutaka kuuacha moyo mtupu; sisi twataka kuujaza. Kukaa kimya na kuvuta pumzi taratibu ni jambo la mwili, nalo halina ubaya. Ila maneno ya ibada za dini nyingine tuwaachie wenyewe, kwani sisi hatuna upungufu wa maneno.

JAMBO LILILONIFIKA

Huenda msomaji akasema, "Huyu ni mwalimu, kazi yake ni kuhubiri." Kwa hiyo nitaeleza jambo lililonifika mimi mwenyewe, ingawa halinipi sifa.

Yapata miaka kumi na minane iliyopita nalikuwa mwalimu mwenye maneno mengi na subira haba. Naliswali swala tano, nalisomesha asubuhi na jioni, na tasbihi haikutoka mkononi mwangu; lakini sikuwa na hata dakika moja ya kujitazama. Jioni moja nalikusanya mchango wa watoto wa kununulia mikeka, shilingi 7,000, nikautia katika mfuko wa koti langu, na koti nikalitundika nyuma ya mlango. Niliporejea kutoka msikitini, mfuko ulikuwa mtupu. Aliyekuwa amebaki akifagia ni mtoto mmoja yatima, umri wake miaka 11.

Sikuuliza wala sikuchunguza. Nalimwita mbele ya wenzake, nikamwita mwizi, nikampiga bakora tatu. Aliapa, akalia, nami kila alipoapa nikazidi kupanda. Kesho yake hakuja.

Siku ya nne mke wangu alilichukua koti lile kulifua, akaziona fedha ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka. Akanipa mkononi, asiseme neno. Nami nikazipokea, nisiseme neno.

Ndugu zangu, kwa siku nane nalikuwa naujua ukweli, nami nikauficha. Kila moyo uliponikumbusha, naliufukuza kwa kazi: mara darsa, mara shamba, mara mazishi. Hata usiku mmoja umeme ukakatika mji mzima. Sikuweza kusoma wala kuandika. Nikakaa barazani peke yangu, gizani, na hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikaiona sura ya mtoto yule kana kwamba iko mbele yangu. Nikajiuliza, lau angelikuwa mwana wa tajiri, ningelimwinulia bakora kabla ya kuuliza? Jawabu nalilijua.

Asubuhi nalikwenda kwa mamake, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maalim, mimi nimekusamehe. Lakini fedha umezipata siku nane zilizopita, na siku nane hizo mwanangu ameitwa mwizi njiani na watoto wenzake. Ungelikuja siku ile ile."

Nalirudi chuoni nikatangaza mbele ya watoto wote kwamba hapakuwa na mwizi, na aliyekosa ni mwalimu wao. Mtoto alinipa mkono, akanisamehe, lakini hakurudi kusoma kwangu. Leo ni mtu mzima, fundi wa majahazi, na tukikutana huniamkia kwa heshima. Na kila aniamkiapo, mimi huzikumbuka siku zile nane.

Basi pimeni wenyewe. Robo saa ya utulivu kabla ya kuinua bakora ingelimhifadhi mtoto yule. Robo saa siku ile zilipoonekana fedha ingelimpunguzia fedheha ya siku nane. Tangu wakati huo nimejiwekea robo saa yangu kila siku, na sijutii hata moja.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni mtu kujiona alivyo. Mchana sote twayaona makosa ya wenzetu, kwani macho yetu yatazama nje. Harith al-Muhasibi, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki mwaka 857, alipata jina lake hilo kwa wingi wa kuihisabu nafsi yake. Na Sayyidna Umar (R.A.) aliwausia watu wajihisabu wenyewe hapa duniani kabla hawajahisabiwa huko. Mfanyabiashara asiyefungua daftari lake hajui kama apata au ahasirika; na nafsi nayo ina daftari.

Faida ya pili ni kuizuia hasira. Mtu akighadhibika, moyo humpiga mbio, pumzi humpanda na misuli humkaza. Mkono hutangulia, akili ikaja nyuma. Daktari Herbert Benson wa chuo cha utabibu cha Harvard, Marekani, aliwapima watu waliozoea kukaa katika utulivu wa namna hii, akaona kwamba mapigo ya moyo hupungua, pumzi huenda polepole, na mwili hutumia oksijeni kidogo zaidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 alieleza kwamba hali hiyo hupatikana kwa kukariri neno au sala, na kuziacha fikira nyingine zipite bila ya kushindana nazo. Wazee wetu waliokuwa wakikaa na tasbihi zao baada ya Alfajiri hawakukisoma kitabu hicho, lakini utulivu wake waliujua.

Faida ya tatu ni akiba ya siku ya shida. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi. Alishauri kwamba, kama vile mtu mzima wa mwili awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi yajayo ghafula, vivyo hivyo ajiwekee fikira njema moyoni wakati wa raha, apate kuzitumia itakapomjia huzuni au hofu. Mwanafunzi aliyezoea kuutuliza moyo wake kila siku hataanza kuutafuta utulivu mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mwanachuoni wa Sudan, Malik Badri, aliyekuwa bingwa wa elimu ya nafsi na kufariki mwaka 2021, alikipa kitabu hicho cha Balkhi daraja kubwa, naye mwenyewe akaandika kitabu kizima juu ya tafakuri ya Kiislamu.

Faida ya nne ni uhai wa ibada. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad, akisikilizwa na mamia ya wanafunzi. Mwaka 1095 alijitazama, akaona kwamba elimu yake yamtafutia cheo na sifa. Ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, hata chakula kikamshinda. Akauacha mji, akenda Sham, akawa akikaa katika mnara wa msikiti mkubwa wa Damascus peke yake. Alirejea kusomesha baada ya miaka kama kumi na mmoja, na katika kitabu chake cha Ihya aliweka mlango mzima wa muhasaba na mlango mwingine wa tafakuri. Ikiwa Ghazali alihitaji kukaa kimya ajitazame, sisi tutasemaje?

NAMNA YA KUIKAA

Haitaki fedha wala safari. Chagua wakati mmoja. Wangu ni baada ya Alfajiri. Simu iache chumba kingine, wala usiigeuze tu kifudifudi pembeni yako. Kaa upendavyo, vuta pumzi taratibu, ulete istighfari au tahalili mpaka moyo ushuke. Fikira zikikuchukua sokoni, usizigombeze; zirejeshe polepole kwenye dhikri.

Kisha chagua kitu kimoja cha kukitafakari. Sisi watu wa pwani tuna bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, kwani jua na mwezi huvuta pamoja. Na mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Mvuvi huyajua hayo na kuyafuata. Lakini wangapi kati yetu wamepata kukaa dakika tano wakayafikiri? Anza kwa kukiangalia kitu chenyewe, kisha uustaajabie mpango wake, kisha moyo uupandishe kwa Mwenye kuupanga. Mwisho urudi kwako: maji yamtii Mola wake usiku na mchana, na mimi jee?

Usiku kabla ya kulala jiulize maswali matatu. Leo ulimi wangu umemwumiza nani? Mkono wangu umechukua au umezuia haki ya nani? Nani nimwombe radhi kesho? Likipatikana jambo, azimia tendo moja, na kesho ulitende. Bila ya tendo hilo, tafakuri ni mti usiozaa.

Mama mwenye mtoto mchanga asiseme hana nafasi. Na akae na dhikri yake wakati anaponyonyesha. Na baba aliyerudi na uchovu wa kazi na akae barazani dakika kumi kabla ya kuuliza nani kavunja kikombe.

TAHADHARI

Tusitafakari dhati ya Mwenyezi Mungu, kwani akili zetu hazifiki huko. Tutafakari viumbe vyake na neema zake. Tena, mtu anayelirudia kosa lile lile mara mia, akajilaumu bila ya kufikia toba wala tendo, huyo hatafakari, bali ajitesa. Na aliyeshikwa na majonzi mazito, au aliyekosa usingizi siku nyingi, au anayefikiri kujidhuru, asiambiwe akae na tasbihi tu, apelekwe hospitali haraka, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Tafakuri huusaidia utabibu, wala haikai mahali pake.

Yule kijana aliponiaga nalimwambia ajaribu siku arubaini, kisha aje anipe khabari. Juzi alikuja kabla ya siku hizo kutimia. Hakuniambia neno juu ya mtihani. Aliniambia kwamba amekwenda kumwomba radhi dada yake, ambaye hawakusemezana tangu Ramadhani. Nikamwambia, "Basi umekwisha kuanza."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaofikiri kabla ya kutenda, na wanaotengeneza baada ya kukosa, wala asitufanye wa kuchelewa siku nane. Amin.