Mvua Ileile, Ardhi Nyingine

Mtu akikuambia Shinyanga ilikauka kwa sababu mvua iligoma, muulize kwanza miti ilikwenda wapi. Mkoa ule wa Tanzania hupata wastani wa milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka. Ni chache, lakini zamani zilitosha kustawisha miyombo na migunga.

Pori lile lilimalizwa na mikono ya watu. Enzi za ukoloni lilifyekwa ili mbung'o wanaoua ng'ombe wakose kivuli. Ikaja pamba, ikameza mashamba mapya. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu hadi vijiji vipya, nazo ngitili zao zikabaki mbali, bila wa kuzilinda. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga masika yanapoanza, nyasi zikue, kisha hulifungua katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu.

Udongo ukishabaki kipara, tone la mvua huupiga kama nyundo. Chembe laini huziba vitundu vya juu na ukoko hujengeka. Maji yanayofuata hukosa pa kuingilia, hukimbilia makorongoni yakiwa yamebeba rutuba. Mkulima huona mvua kubwa leo, na wiki ijayo mahindi yake yamenyauka. Sasa ongeza joto la dunia, linalonyonya unyevu upesi zaidi: ardhi iliyofunikwa huvumilia, ile iliyo uchi huungua.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulitegemea miche ya vitaluni. Mafanikio makubwa yalikuja wataalamu walipowasikiliza wazee: fungeni ngitili, visiki vitachipua vyenyewe. Kisiki hai kina mizizi mirefu yenye akiba ya chakula, kwa hiyo chipukizi lake huupita mbio mche wowote, mradi mbuzi na moto vizuiwe. Ulinzi ulifanywa na sungusungu, walinzi wa kijiji, na sheria zikatungwa katika mikutano ya jadi, dagashida. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Linalonisumbua ni mgawanyo wa ngitili hizo. Ngitili kubwa ni za wenye ardhi na mifugo mingi. Kaya isiyo na ngitili, kiangazi kikikaza, hununua malisho kwa jirani, na bei huwa mbaya zaidi mwaka uleule ambao mazao yamekataa.